Washa, Niwekee

Mi nilijifunza kuvuta sigara kazini, na sigara haikuwa yangu.

Fundi aliyenifundisha alikuwa anatengeneza injini za mazutu, dizeli yaani, za malori na maboti, pale karibu na bandari. Mutu wa mazutu hana mikono. Toka asubuhi mikono imelowa, nyeusi mupaka kwenye kiwiko, na ukishika sigara na mikono kama ile, karatasi inakunywa mafuta, unavuta mazutu badala ya tumbaku. Kwa hiyo mwanafunzi, kabla hajaruhusiwa kugusa kle, spana, hata moja, alikuwa na kazi moja tu. Muzee yuko chini ya injini, unaona viatu vyake tu. Anasema kwa sauti ya chini, "Washa, niwekee." Unatoa sigara kwenye mufuko wa shati yake iliyotundikwa, unaiweka kwenye mudomo wako, unapiga kiberiti, unavuta mara moja ili ishike moto vizuri, kisha unalala kwenye simenti na wewe, unanyoosha mukono huko gizani, unaitafuta midomo yake, unamuwekea.

Ikikaribia kuisha anasema, "Toa." Unatoa. Hakuna mutu aliyewahi kuniambia kile kipande kinaenda wapi, kikarudi mudomoni kwangu.

Niliingia pale na miaka kumi na saba. Shule ilikuwa imenishinda, ama mi niliishinda, nilimupigia kelele mwalimu mumoja na sikurudi kuomba musamaha. Kifaransa nilikisoma kwenye makaratasi ya vipuri, ndiyo maana mupaka leo najua kusema "kaza kwa mupangilio" vizuri kuliko "habari ya asubuhi". Muzee hakuniuliza cheti. Aliniuliza kama ninaweza kuwasha kiberiti kwenye upepo. Nilikaa naye miaka minane, na kila sigara aliyovuta, na alivuta kazini tu, ilipita kwangu kwanza. Mutu akimusema vibaya mbele yangu, hata kama anasema kweli, tunagombana. Iko hivyo. Yeye mwenyewe alikuwa ananiambia nipunguze, nilikuwa namuitikia ndiyo Muzee, na kesho yake nagombana tena.

Sasa kitu ambacho lazima nieleze. Mi ni mutoto wa mutaa wa Buyenzi, Muislamu, baba na babu. Yeye alikuwa Mukristo wa Ngagara, kila Jumapili na koti na wimbo wake. Mwaka wa kwanza, Ramadhani ilipoingia, nilimwambia, Muzee, mi nimefunga, siwezi kuwasha. Kle ikasimama huko chini. Nikajua nimepoteza kazi, atachukua mutu mwingine. Halafu akasema:

"Basi kiberiti imefunga."

Akaendelea kufungua bulo, bolti zake. Na siku ile hakuvuta mupaka jua lilipozama. Wengine pale garaje wakasema watamuwashia wao. Akakataa, akasema hawezi kuweka mudomoni kitu kimetoka kwenye mudomo wa mutu hamujui, na wale watu alikuwa anawajua miaka ishirini. Tangu mwaka ule, kila mwezi wa Ramadhani ukiandama, Mukristo wa Ngagara anafunga sigara kwa sababu ya mutoto wa Buyenzi. Jioni ananingojea. Mi nafungua kwa tende na maji, nasoma dua yangu, yeye anavua kofia mupaka nimalize. Kisha nawasha. Nampa. Tunakaa na ile sigara moja kwenye jiwe upande wa maji, inaenda kwake inarudi kwangu, na milima ya Kongo ng'ambo inakuwa bulu, halafu nyeusi.

Watu wanaoacha sigara wanakuambia wanaitamani sigara. Mi nikiulizwa natamani nini, natamani ile ya magharibi.

Kifua chake kilianza na kukohoa kama injini yenye maji ndani. Mi nilikuwa natania, namwambia Muzee, moshi wako mweupe, kilasi, kichwa cha injini, imepasuka. Alikuwa anacheka. Kisha akaacha kucheka kwa sababu kucheka kulimuletea kukohoa. Mama, muke wake, ndiye alinituma nimupeleke hospitali kule Kamenge, kwa sababu Muzee alikuwa hamusikii yeye. Tukakaa kwenye benchi asubuhi nzima, mi nikagombana na mutu aliyetuingilia kwenye foleni, na mwisho daktari, kijana kama mi tu, akaweka picha ya kifua kwenye mwanga. Akasema pole pole, kwa heshima, kwamba mapafu yamechoka sana, kwamba kilichobaki kinaweza kumubeba miaka mingi kama akiacha leo, na kama haachi, basi tusije kumulaumu. Akauliza kwa siku anavuta ngapi.

Muzee akanionyesha na kidole. "Uliza huyu. Ndiyo kiberiti yangu."

Daktari akanitazama. Najua alichokiona, vidole vya njano na shati inayonuka. Akasema:

"Basi kiberiti ndiyo inaacha kwanza."

Nilitaka kumukasirikia. Tulipotoka nje nikachukua pakiti kwenye mufuko wa Muzee na nyingine kwenye mufuko wangu, nikazivunja zote mbili juu ya mufereji, mbele ya wanafunzi wa udaktari waliokuwa wanapita na makoti yao meupe. Nikamwambia, Muzee, mi na sigara tumemaliza. Akasema, "Tutaona, shujaa," na akakaa chini kwanza apumue.

Zilikuwa zimebaki siku nne Ramadhani iingie. Zile siku nne Muzee alipumzika nyumbani, na mi sitaki kuziongelea. Nilimutukana mutu aliyeniuzia chapati.

Mwezi ulipoandama nikashukuru kama mutoto. Mutu akinuia, muchana hauna shida. Ukishasema kwa moyo wako kwamba nimefunga, mwili unajua mulango umefungwa, unakaa mbali na mulango. Muzee naye alifunga sigara yake kama kila mwaka, kwa hiyo kazini ilikuwa kama zamani. Shida ilikuwa jioni. Azana ikilia, nakula tende, nakunywa maji, na mukono wangu wenyewe unaenda mufukoni. Hauniulizi. Unafika mule unakuta hakuna kitu, na unakaa humo umeshikilia kitambaa. Muzee aliliona hilo siku ya kwanza tu. Siku ya pili akaanza kurudi Ngagara mapema, kabla ya jua kuzama. Aliniambia anaogopa mvua. Hakukuwa na mvua.

Kwa hiyo nikabaki kwenye jiwe peke yangu. Nilitafuna karafuu mupaka ulimi ukafa. Nilivuta kalamu ya Biki. Nilinunua kiberiti nikawa nawasha kijiti kimoja, nanusa, nazima, nawasha kingine, ile harufu ya mwanzo kabisa kabla moto haujatulia, unaijua kama umewahi kuvuta. Kuna koti la kazi la zamani la Muzee lilikuwa limetundikwa nyuma ya mulango wa garaje, hakuna aliyelivaa mwaka muzima. Nilikuwa nafunga mulango, natia uso ndani ya lile koti, navuta pumzi. Mazutu, jasho, na chini kabisa, kama mutu anayekuita kutoka nyumba ya tatu, tumbaku. Nikitoka nafuta uso kama mutu aliyetoka kulia.

Idi ikafika, na mi nikaogopa.

Niliogopa hivi. Muzee hakuacha sigara kwa sababu ya daktari. Namujua. Aliacha kwa sababu kiberiti ilikuwa imefunga. Mwezi ukiisha, siku ya kwanza tu atalala chini ya injini, mikono itakuwa myeusi, na atasema yale maneno mawili. Na mi sijawahi kumukatalia huyu mutu kitu. Hata kimoja. Akiniambia niruke ziwani na nguo, naruka, halafu nauliza. Nikajipima usiku wa kuamkia Idi, nikaona sina nguvu ya kusema apana. Ila niko na nguvu ya kufunga.

Basi nikaunganisha. Sita za Shawali, kila mutu anazijua, hakuna aliyeshangaa. Zilipoisha nikafunga Jumatatu na Alhamisi, sunna, vizuri. Kisha Jumanne nayo. Kisha Jumatano. Kila asubuhi naingia garaje nasema kwa sauti, "Muzee, leo nimefunga," na yeye anasema, "Haya," na anaingia chini ya injini bila kuomba kitu. Inafanya kazi, nikawa najiambia. Mutu mwenye akili angeona kwamba hii haiwezi kuisha. Mi niliona tu siku moja, halafu ingine.

Kwetu Buyenzi wakaanza kunitazama tofauti. Mama yangu mzazi, ambaye miaka minane ananusa shati yangu na kutikisa kichwa, akawa anatembea na mgongo umenyooka. Mutu mumoja musikitini akaniita pembeni akaniomba nimuombee mutoto wake mwenye mutihani. Niliona haya hadi kwenye kucha. Pale bandarini hawakuwa na adabu hiyo. Mama anayeuza karanga, pipi za bonbon na sigara moja moja kwenye beseni, karibu na geti, ndiye alinipa jina. "Shehe wa mazutu anapita," anasema, "mufunike zambi zenu." Na anafunika pakiti zake na kitambaa, watu wanacheka, na mi napita nikiwa nimeshika pumzi kwa sababu hata kitambaa hakizuii harufu.

Wiki ya tano hivi, tulikuwa kwenye boti moja ya mizigo, injini inakula mafuta. Kulikuwa na baharia mumoja pale, mukubwa, mutu wa kuchekacheka. Akamuona Muzee anakohoa, akawasha sigara, akamwambia, "Kuja Muzee, nikuwashie mi, huyu mutoto wako anakuua na dini yake." Na akanyoosha ile sigara kuelekea mudomo wa Muzee. Midomo ya Muzee ikafunguka. Kidogo tu. Mi niliiona.

Nilimupokonya ile sigara na pakiti nzima nikatupa majini. Yeye akanishika shingo, na kama si watu watatu kutuachanisha, na mi ningefuata pakiti. Muzee hakunitetea. Aliomba musamaha kwa yule baharia kwa niaba yangu, kwa heshima zote, na jioni nzima hakunisemesha. Nilirudi nyumbani nikiwaza ile midomo. Sikumukasirikia. Nilikuwa na wivu, nisemeje, ile midomo ilikuwa tayari kwa mukono wa mutu mwingine.

Siku tatu baadaye nilianguka. Tulikuwa tunabeba kilasi ya injini kutoka kwenye boti, mi upande wa mbele, na giza likaniingia machoni. Kilasi ikaenda kwenye ubao, kle ikaingia majini, mi nikagonga uso. Nilipofungua macho, mama wa beseni alikuwa ananimiminia maji kwenye kichwa na kunitukana kwa Kirundi, na Muzee amepiga magoti, anahema kuliko mi.

Akauliza nimekula lini. Nikasema nimefunga.

"Najua umefunga. Unafunga kwa ajili ya nini? Ramadhani yako hukula hata siku moja, mi nilikuwepo. Unalipa ya nani?"

Nikafuta uso na mukono. Kisha nikamwambia. Niliongea nikiwa nimelala pale pale kwenye ubao, damu kwenye pua, nikamwambia yote, kwamba kama kiberiti ikifungua, yeye ataomba, na akiomba mi nitawasha. Mama wa beseni akaacha kutukana.

Muzee alikaa kwenye ubao karibu yangu. Akasema:

"Miaka minane mi nilifunga juu yako. Sasa wewe unafunga juu yangu. Mungu atachoka kutuandika."

Halafu akafanya kitu sijawahi kumuona akikifanya katikati ya muchana. Alinawa mikono. Alinawa na mazutu kwanza, kisha sabuni na muchanga, akasugua mupaka kwenye kiwiko, akasuuza, akanusa, akanawa tena. Akaagiza bugari, ugali, na ndagala, dagaa wa ziwani, kwa mama wa chakula. Akakata tonge, akalichovya, akaniwekea mudomoni. Mi na miaka ishirini na tano, mbele ya wabeba mizigo wote wa bandari. Hakuna aliyecheka. Nilitafuna na kulia, na ndagala ilikuwa na chumvi sana.

Nikaacha kufunga. Kwetu niliwaambia daktari amenikataza, na lilikuwa neno la kweli kwa namna yake, daktari wangu ni Muzee.

Kwa hiyo sasa kiberiti ilikuwa imefungua, na mi nilijua, na yeye alijua. Kila asubuhi naingia garaje nikisikiliza. Akiomba kle, moyo unaruka. Akisema tu "we kijana", unaruka. Wiki ikapita. Ya pili. Na mi mwenyewe sasa nilikuwa na muchana wote wazi mbele yangu, bila nia ya kuniziba, na ile tamaa ilikuja muchana kama mugeni aliyeambiwa usije jioni. Inakuja saa nne, baada ya chai. Inakaa dakika ngapi sijui, unaweza kukaza bulo sita, kisha inaondoka. Nilijifunza hivyo. Bulo sita. Hakuna mutu aliyenifundisha.

Siku yenyewe ilikuwa boti inayongoja kwenda Kigoma. Mizigo imeshapangwa, mwenye boti anatembea juu ya vichwa vyetu, injini inatoa moshi mweusi kama tairi inaungua. Muzee alikuwa chini toka asubuhi, katika ile nafasi ndogo pembeni ya injini ambapo mutu anaingia kwa bega moja moja. Nasikia kle inateleza, nasikia anahema. Kisha kle ikanyamaza.

"Washa, niwekee."

Sauti ile ile. Ya chini, bila haraka, kama vile hakuna kilichotokea katikati.

Ningeweza kusema hatuna sigara. Nikaenda kwenye shati yake iliyotundikwa, ili nirudi niseme hatuna. Mufukoni kulikuwa na moja. Moja tu, haina pakiti, imejipinda kidogo, amekaa nayo siku kadhaa. Mama wa beseni alimuuzia, nani mwingine. Na kiberiti yangu nilikuwa nayo, ile ya kunusa.

Nikaiweka mudomoni kwangu. Hilo nalikubali. Mudomo uliijua kabla mi sijafikiri, ile karatasi inavyoshika kwenye ute wa mudomo wa chini, ule utamu mudogo wa tumbaku ambayo haijachomwa. Nikatoa kijiti. Nilikuwa namuwaza daktari? Apana. Nilikuwa nawaza jiwe upande wa maji, na kofia yake mukononi akingojea nimalize dua. Kwamba nikiwasha, ile itarudi. Itarudi jioni ya leo leo, sigara moja, mi na yeye. Na nilijua itarudi mara chache tu, kwa zile pumzi nilizokuwa nazisikia huko chini.

Kijiti nikakirudisha.

Nikalala kwenye ubao, nikanyoosha mukono gizani, nikaitafuta midomo yake, nikamuwekea vile vile ilivyo, baridi.

Akavuta. Nikasikia hewa inapita. Akavuta tena. Mi nilikuwa nimelala pale nimefunga macho, nangoja anitukane, na kama angenitukana nilikuwa na haki ya kutukanwa, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa nimemunyima kitu.

"Imezimika," akasema.

"Ndiyo, Muzee. Imezimika."

Nikasikia akiihamisha pembeni ya mudomo.

"Huku chini kuna maji maji."

"Kuna maji maji sana, Muzee."

Hakusema washa tena. Kle ikaanza upya, pole pole. Akafanya kazi nayo mudomoni, nasikia akihema kwa pembeni yake, labda nusu saa. Kisha akasema, "Toa," na nikatoa. Ilikuwa nzima, imelowa upande mumoja, ute wake na wangu. Nikakaa nayo kidogo, nikaivuta hivyo hivyo bila moto, hewa tu na ladha ya mbali. Halafu nikaisugua kwenye kiganja, tumbaku ikaingia majini, samaki wadogo wakaja wakaonja wakaondoka.

Alipomaliza aliniambia nipige stati. Injini ikakohoa, ikatoa wingu moja jeusi, ikatulia. Kazi yangu ni kwenda kusimama nyuma kwenye ekzoz, bomba la moshi, kutazama. Nikaenda. Nikasimama karibu kuliko inavyotakiwa, pua mbele.

Akaniita kutoka chini, "Rangi gani?"

"Hakuna moshi, Muzee."

"Hakuna kabisa?"

Nikangoja kidogo, nikitazama ile hewa inatetemeka juu ya maji, safi, haina kitu.

"Hakuna."